Alinishikia Tochi

Mashine yenyewe haikuwa ya kupendeza macho. Bomba jeupe la maji taka lililosimama juu ya ubao, limeviringishiwa waya mwembamba wa shaba kutoka chini hadi juu, na kileleni sufuria mbili za alumini zilizofungwa mdomo kwa mdomo. Mtu asiyejua angedhani ni jiko lililoharibika. Lakini ukifunga madirisha ya maabara ukawasha swichi, zile sufuria zilitoa radi. Radi ya kweli, ya zambarau, yenye matawi, inayolia kama nguo inayopasuliwa. Wasichana wangu wa kidato cha tatu walikuwa wakipiga mayowe na kukimbilia mlangoni, kisha wanarudi kuomba niwashe tena.

Niliijenga pamoja na mwalimu mwenzangu. Mimi nafundisha fizikia katika shule moja ya wasichana hapa Lodwar. Yeye alikuwa anafundisha kemia. Tuliajiriwa muhula mmoja, tukapewa meza moja katika chumba cha walimu, tukagundua kwamba sote wawili hatuwezi kupita penye redio iliyotupwa bila kuifungua. Tulikuwa tunaitana "mwalimu" kama ilivyo desturi, ila kwangu alikuwa zaidi ya hapo. Alikuwa baba wa ubatizo wa mwanangu wa kwanza. Mume wangu huendesha lori la samaki kutoka Kalokol, kwa hiyo siku nyingi hayupo, na ikitokea nge ameingia jikoni au mtungi wa gesi umeisha, niliyempigia simu ni huyo. Alikuwa anakuja na kandambili zake, anaua nge, anakunywa chai, anaondoka.

Transfoma ya mashine ilitoka kwa mjomba wangu. Alikuwa na baa karibu na steji ya magari, yenye bango la taa nyekundu za neoni, na alipookoka akaifunga. Watu walimwomba viti na friji. Mimi nilimwomba kile kisanduku kizito cha chuma kilichokuwa nyuma ya bango. Alicheka sana. "Chukua mwanangu," akasema, "mimi na stima hiyo tumeachana." Nilikibeba mwenyewe hadi shuleni kwa bodaboda, nimekipakata kama mtoto.

Vitu vingine tulivitafuta mmoja mmoja. Waya tulipata kwa fundi wa mota. Badala ya kapasita za kununua za kuhifadhi umeme, ambazo hakuna duka la Lodwar lililokuwa nazo, tulipanga chupa za bia zenye maji ya chumvi ndani ya karai lenye maji ya chumvi pia. Kioo cha chupa kinashika umeme pande zote mbili. Na katikati ya yote hayo kulikuwa na pengo la cheche: vipande vifupi vya bomba la shaba vilivyopangwa kwenye ubao, kila kimoja karibu na jirani yake bila kugusana.

Pengo hilo lilinichukua muda kulielewa, na yeye lilimchukua muda zaidi. Umeme wa transfoma unajaza zile chupa. Zikijaa, umeme unaruka pengo, na mruko huo ndio unaotikisa koili mbili, ile nene ya chini na ule waya mwembamba wa bomba, na kuleta radi juu. Mabomba yakikaribiana mno, umeme unaruka kabla chupa hazijajaa, na radi inakuwa dhaifu. Yakiachana kidogo, chupa zinajaa zaidi na radi inarefuka. Lakini yakiachana mno, umeme unashindwa kuruka, na haukubali kukaa tu. Unatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni ndani ya transfoma yenyewe, ambako waya zake zimetengwa kwa lami na karatasi tu. Ukitoboa hapo, basi.

Nilikuwa napima kwa kadi ya benki ya zamani. Ikipita kati ya mabomba kwa kusukumwa kidogo, nafunga skrubu.

"Ongeza kidogo, mwalimu," alikuwa ananiambia kila mara. "Kidogo tu. Tuone kama itafika darini."

"Hatutafuti dari. Tunatafuta transfoma iishi."

"Wewe ni mwoga wa radi yako mwenyewe."

Tulicheka, lakini nilimwapisha: hakuna anayegusa skrubu za pengo bila mwenzake kuwapo. Aliweka mkono kifuani akasema, "Neno la mwalimu."

Kisha mama yangu akaugua. Anaishi Kalokol, anakausha samaki, na si mtu wa kulalamika, kwa hiyo jirani alipopiga simu kusema hawezi kusimama nilijua ni mambo makubwa. Niliomba ruhusa. Mwenzangu alinisindikiza hadi penye magari, akanibebea mfuko. "Nenda ukamwangalie mama," akasema. "Maabara niachie." Nilimpa ufunguo kwa mkono wangu.

Niliporudi, mama akiwa ameanza kula na kugombana na wauguzi, nilikuta siku ya wazazi imekaribia. Mwalimu mkuu alikuwa amewaalika wageni kutoka ofisi za elimu, na alitaka radi iwe jambo la kwanza watakaloonyeshwa. Sikuijaribu mashine kabla. Sikuona sababu, niliiacha ikifanya kazi, na pengo lilionekana lipo kama nilivyoliacha.

Wageni wakaingia, wazazi wakajaa nyuma, wasichana wakasimama juu ya viti. Nilieleza kile nilichozoea kueleza. Nikafunga dirisha la mwisho. Nikawasha.

Transfoma iliunguruma. Hakuna kilichoruka.

Nikazima, nikawasha tena. Mngurumo tu, kama nzi ndani ya mkebe. Mzee mmoja akauliza kwa Kiturkana kama tayari imeshatokea, na watu wakacheka. Mwenzangu alikuwa amesimama kando yangu, na alinishika bega mbele ya watu wote. "Ni vumbi, mwalimu," akasema kwa sauti ya upole. "Pole. Ni vumbi tu." Mwalimu mkuu akawaambia wageni kwamba sayansi ni majaribio, akawapeleka kuona shamba la mboga. Alipopita karibu nami alisema kwa sauti ya chini, "Kabla ya kuniaibisha tena, jaribu kwanza."

Tangu siku hiyo nilikuwa nabaki maabara kila jioni baada ya vipindi. Madirisha ilikuwa lazima yafungwe, maana upepo wa Lodwar wakati huo hauleti hewa, unaleta mchanga. Na mkifunga, chumba kinakuwa na giza hata jua likiwa bado kali nje. Kwa hiyo mwenzangu alikuwa ananishikia tochi. Hakukosa hata jioni moja.

Nilianza na vumbi, kwa kuwa yeye ndiye aliyelitaja. Nilifungua kila kipande cha bomba, nikakisugua kwa msasa hadi shaba ikang'aa, nikakifuta kwa spiriti, nikakirudisha. Kimya. Nikayakaribianisha mabomba, kadi ya benki haikupita tena. Cheche zikaanza kuruka, lakini nyembamba, za kusitasita, na juu ya sufuria kulionekana mwanga mdogo kama wa kiberiti kilicholowa. Nikayatenganisha tena kidogo tu, kimya.

"Basi si pengo," nikasema. "Umeme hauna nguvu ya kuliruka."

"Angalia chupa," akasema. "Labda moja ina ufa."

Nikazitoa chupa zote kwenye karai. Nikazikausha, nikazitazama moja moja mbele ya tochi yake, nikazijaribu moja moja. Hazikuwa na kasoro. Akasema labda chumvi. Nikabadilisha maji. Akasema labda waya wa ardhi. Nikaenda nje kwenye chuma tulichokipigilia ardhini, nikachimba, nikamwagia maji, nikakwangua kutu. Hakuna kilichobadilika. Nilirudi ndani na vumbi hadi kwenye kope, yeye akanipa kitambaa nijifute.

Nikaketi juu ya stuli nikasema, "Sielewi. Ilikuwa nzima."

Akaiweka tochi mezani. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeogopa kuumiza, "Mwalimu, huenda kabla hujasafiri uliacha kitu hukukifunga vizuri. Siku zile akili yako ilikuwa Kalokol. Hakuna wa kukulaumu."

Nilimshukuru. Nakumbuka vizuri kwamba nilimshukuru. Nilirudi nyumbani nikijaribu kukumbuka siku niliyoondoka, mkono wangu ulikuwa wapi, skrubu gani niliisahau, na kadiri nilivyojaribu ndivyo nilivyoanza kuona vitu ambavyo havikuwapo. Nilijiona nikiacha swichi imewashwa. Nilijiona nikigonga transfoma kwa kiti. Mume wangu aliporudi na lori akanikuta nimekaa jikoni nimeshika kadi ya benki, akauliza kama fedha zimeibwa.

Jioni iliyofuata niliamua kuacha pengo kabisa na kuijaribu transfoma peke yake. Ina vichwa viwili vya kutolea umeme, kila kimoja kinalishwa na nusu yake ya waya. Nilifunga waya kwenye ganda lake la chuma, nikaushika kwa kipande kirefu cha bomba la plastiki, nikausogeza karibu na kichwa cha kwanza. Cheche ikaruka, nene, ya kelele. Nikausogeza kwenye kichwa cha pili. Nikausogeza zaidi, hadi ukakaribia kugusa. Hakuna.

Nikazima, nikainama, nikanusa. Harufu ya lami iliyoungua, ndogo, lakini ipo.

"Nusu imekufa," nikasema. "Imetobolewa ndani."

Mwanga wa tochi ulihama kutoka kwenye transfoma. Nilidhani mkono wake umechoka.

"Ni uzee," akasema. "Ilifanya kazi baa miaka yote hiyo. Pumzika sasa, mwalimu. Tumejaribu vya kutosha. Tuiache."

Sikutaka kuiacha. Nilikuwa nimesikia kwamba Kakuma, upande wa soko la kambi ya wakimbizi, kuna fundi Mkongomani anayesuka upya mota na transfoma. Sikumwambia mwenzangu kwamba naenda. Nilitaka kumletea habari njema. Jumamosi nikapanda gari nikiwa nimekifunga kile kisanduku ndani ya leso ya kujifunga.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, amekaa kwenye kibanda cha mabati kilichojaa vipaza sauti na mota za mashine za kusaga. Nilimsalimu, akanivutia kiti. Nilipofungua leso, kabla sijasema neno, alitabasamu.

"Mama, njo ile ya radi, sivyo?"

"Umeijua vipi?"

"Alikuya nayo hapa ule mwalimu. Mrefu, wa miwani. Nilimwambia, hii upande moja imekufa, mimi sina waya mwembamba ya namna hii. Hakukwambia?"

Nikasema labda amekosea, kwamba transfoma za namna hii zinafanana. Hakubisha. Alimwita mkewe alete simu. "Watu wote walichukua video," akasema. "Ilikuwa ajabu. Mpaka ikapiga."

Ukumbi niliouona kwenye simu ulikuwa wa kituo kimoja cha mafunzo pale Kakuma. Jina la kituo lilikuwa limeandikwa ukutani. Niliona bomba langu jeupe, sufuria zangu, karai la chupa. Nilimwona mwenzangu amevaa shati lile alilovaa kwenye ubatizo wa mwanangu. Alikuwa anaeleza, na maneno yalikuwa yangu, hata ule mfano ninaoutumia darasani wa kundi la mbuzi waliobanana mlangoni mwa zizi hadi mmoja aruke, wote wamfuate. Aliutamka kwa mapumziko yale yale. Kisha akawasha, na radi ikatoka ndefu kuliko nilivyowahi kuiona. Ilinyoosha mikono hadi ikagusa feni ya darini. Watu walipiga mayowe. Simu ilishuka kidogo ikalionyesha pengo, na hata kwenye kioo kidogo kilichopasuka niliona jinsi mabomba yalivyokuwa yameachanishwa. Kadi yangu ingepita pale bila kugusa upande wowote.

Mtu mmoja kwenye video aliuliza, "Mwalimu, uliijenga na nani?"

Akacheka. "Na Mungu tu," akasema.

Muda mfupi baadaye kukasikika mlio, moshi ukatoka, na picha ikakatika.

Nikamuuliza fundi ilikuwa lini. Alifikiri, akasema ilikuwa wiki ya mnada mkubwa wa mbuzi. Nilikuwa Kalokol wiki hiyo, namlisha mama uji kwa kijiko. Na siku ya wazazi ilikuja baada ya hapo. Nilikaa pale kwenye kiti cha fundi nikilipanga jambo hili kichwani pole pole, kwa kuwa halikutaka kukaa: alipokuwa amesimama kando yangu mbele ya wageni, ameshika bega langu, alikuwa anajua. Alipotaja vumbi alikuwa anajua. Nilipokuwa nachimba chuma cha ardhi, nikipima chupa, nikisugua shaba hadi vidole vikatoka damu, alikuwa anajua hasa kidonda kiko wapi, na alikuwa anamulika kwingine.

Fundi alinipa maji.

Jumatatu nilimkuta mwenzangu chini ya tangi la maji, amefinya macho kuisoma simu yake juani. Nilisema, "Nimetoka Kakuma."

Hakujifanya haelewi. Hilo namkubalia. Alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Nilitaka kukuambia," akasema.

"Lini?"

"Ulikuwa na mambo ya mama. Kile kituo kilikuwa kinatafuta mkufunzi, na walitaka kuona kitu cha vitendo. Nikasema nitaichukua na kuirudisha kabla hujaja. Ungekubali?"

"Ungeniuliza."

"Ungesema tusubiri. Wewe kila kitu tusubiri, tupime na kadi."

"Transfoma ni chuma," nikamwambia. "Ningekasirika, ningepona. Lakini ulinishikia tochi, mwalimu. Kila jioni. Uliniambia akili yangu ilikuwa Kalokol."

Alitazama chini. Kisha akasema neno ambalo nadhani lilikuwa la kweli kuliko yote: "Nilidhani utachoka, uache. Halafu hakuna ambaye angelazimika kujua."

Kengele ikalia. Alikuwa na kipindi. Alinyoosha mkono kama anayetaka kunishika bega, akaurudisha, akaenda darasani.

Kazi ya Kakuma aliipata. Mwisho wa muhula walimu walichanga wakamfanyia chai ya kumuaga, na mwalimu mkuu, ambaye hakujua lolote, akasema mimi niliyekuwa karibu naye zaidi niseme machache. Nilisimama. Uso wake ulikuwa umekakamaa, anasubiri. Nilisema alikuwa hakosi vipindi na kwamba matokeo ya kemia yalipanda, na yote mawili yalikuwa kweli, kisha nikakaa. Watu walidhani machozi yamenizuia.

Mwalimu mkuu hadi leo anaamini mimi ndiye niliyeiharibu mashine. Mara moja nilifungua mdomo nimweleze, nikaona jinsi itakavyosikika, mwanamke anayemsingizia mtu aliyekwisha ondoka, nikaufunga. Mume wangu ananiambia nisamehe. Anasema huyu ni baba wa ubatizo wa mtoto wetu, hatuwezi kumfuta kwa sabuni. Namjibu kwamba sijamfuta. Ila kukitokea nge sasa namuua mwenyewe.

Mashine niliitengeneza kwa nusu iliyobaki. Nililitenga lile jeraha, nikayakaribianisha mabomba, nikaongeza chupa kwenye karai, nikapunguza mizunguko ya ile koili nene ya chini hadi vyote vikakubaliana. Ilinichukua sehemu kubwa ya muhula, na tochi niliifunga kwenye stuli kwa mpira wa tairi. Radi inayotoka ni fupi, haizidi kiganja. Wasichana wapya hawajui kwamba ilikuwa ndefu, wanapiga mayowe vile vile.

Mwenzangu alikuja mara moja likizo, bila kutangaza. Nilisikia salamu ya Kiturkana, "Ejok!", mlangoni na mwanangu tayari alikuwa amekimbia kumrukia. Alimletea viatu, vikamtosha kabisa. Nikawasha jiko nikapika chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Alinywa, akamsifu mtoto kwa kukua, akauliza afya ya mama, nikasema hajambo. Kisha, akitazama ndani ya kikombe, akauliza, "Na ile mashine?"

"Inafanya kazi."

"Kweli? Kwa nusu moja?" Aliweka kikombe chini, na uso wake ukafunguka kama zamani, ule uso wa meza yetu moja. "Uliwezaje? Pengo uliliweka vipi? Twende basi unionyeshe, shule si mbali."

"Maabara imefungwa," nikasema.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa dera langu. Nadhani aliliona umbo lake, maana hakuuliza uko kwa nani. Nikamwongezea chai.